Siku Rula Aliposhuka Jukwaani

Mimi nina mdomo, sikatai. Kwa hiyo mkinisikia namsifu binti yangu, nivumilieni tu, maana wa kwenu mnawasifu kwa mambo madogo zaidi ya haya.

Watu wa sokoni wanamwita Rula. Alipokuwa mdogo alikuwa anashinda miguuni pa cherehani yangu na rula ya mbao mkononi, na nikikata kitambaa upogo ananiambia palepale, mbele ya mteja: "Mama, hapo umepinda." Ningemfanya nini? Kweli palikuwa pamepinda. Baraza la mji lilipomwajiri kuwa afisa maadili, jina likamfuata mpaka ofisini.

Kazi aliyoikuta huko ilikuwa kichekesho. Ukimlalamikia mtu wa baraza, malalamiko yako yanapelekwa kwa mkuu wake. Kamati ya kuyasikiliza inakaa mlango umefungwa, ndani ya idara ileile uliyoilalamikia, na idara hiyo ndiyo inayotoa chai! Sasa niambie, nani amewahi kunywa chai ya mtu, akafuta mdomo, kisha akamwambia umekosa? Mwenye malalamiko alikuwa anasubiri kwenye korido, anasikia vijiko vinagonga vikombe, halafu karani anatoka kumwambia jambo lake limeshughulikiwa. Limeshughulikiwa vipi, haambiwi.

Rula akaandaa utaratibu mpya. Kamati ikae ukumbini, mlango wazi, mwananchi aketi asikie kwa masikio yake. Nusu ya wajumbe wawe watu wa mtaani, si wa baraza. Mwenye ndugu kwenye shauri ashuke jukwaani. Na chai, kila mtu akanywe kwake. Nawaambia, madiwani walikasirikia lile la chai kuliko yote! Mwenyekiti wa baraza alikubali shingo upande. "Tutajaribu kikao kimoja," alisema. "Kikivurugika, tunarudi kwenye utaratibu wetu." Jioni ile mwanangu hakula.

Mimi nilikuwa na furaha zangu. Miaka yote nilikuwa nashonea nyuma kabisa ya soko, ubavuni mwa choo, mteja akija anakuja amebana pua. Basi mkuu wa soko, mtu wa baraza, akanijia, meno yote nje. "Mama Afisa, wewe si wa kukaa huku. Kibanda cha pale getini kiko wazi, hamia." Weee! Mama Afisa! Nilihama siku hiyohiyo, kifua mbele. Rula nilimwambia nimesogea tu, naye kwa kazi alizokuwa nazo hakuuliza zaidi.

Kumbe kibanda kile kilikuwa zamu ya fundi viatu, mzee mpole aliyekingojea muda mrefu kuliko mtu yeyote pale sokoni. Yeye ndiye aliyeleta malalamiko ya kwanza. Siku moja kabla ya kikao Rula aliingia nyumbani, akakaa bila kuvua viatu.

"Mama, kesho wewe ni shahidi. Sitakuuliza kitu, na wewe usiniambie kitu."

"Mimi, mama yako, nisikwambie?"

"Ndiyo maana, mama."

Nilinuna, tena sana. Nilikoroga uji huku nagongesha sufuria makusudi, asikie.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mkuu wa soko aliingia na chupa za chai kwa mazoea, akaanza kuzipanga mezani. "Asante, zirudishe," Rula akamwambia, na watu wakacheka mpaka mwenyewe akatoka nazo amezikumbatia, akarudi mikono mitupu. Kisha malalamiko yakasomwa. Rula akasimama.

"Fundi cherehani anayetajwa hapa ni mama yangu mzazi. Siwezi kukaa kiti hiki."

Akashuka, akaenda kukaa benchi la nyuma. Nafasi yake akaichukua nesi mstaafu, mjumbe wa kutoka mtaani. Minong'ono ikaanza: kumbe! Hao ndio wanaotufundisha maadili? Mwenyekiti wa baraza alikuwa anatabasamu peke yake. Damu ilinichemka, nikatamani kumjibu mmoja mmoja.

Mkuu wa soko akaulizwa. "Alipewa kwa zamu yake," akasema bila kupepesa macho. "Fundi viatu ndiye aliyechelewa kujiandikisha." Akanigeukia, kama anayesema haya, tumalize.

"Mama, ni kweli?" nesi akauliza.

Jamani, kibanda kile nilikipenda. Kilikuwa na kivuli, na upepo, na wateja wasiobana pua. Nikiitikia kwa kichwa tu, nabaki nacho. Nikamtafuta Rula kwa macho. Hakunitazama! Alikuwa ameinamisha uso, anaangalia sakafu, asije akanitia neno mdomoni hata kwa jicho.

"Si kweli," nikasema. "Zamu ilikuwa ya fundi viatu. Mkuu aliniita Mama Afisa, nikavimba kichwa nikahama. Binti yangu angekuwa anauza karanga, mpaka leo ningekuwa kule chooni."

"Mama, mbona unanigeuka?" mkuu wa soko akasema.

"Sikugeuki. Nimeulizwa, nimejibu. Kama hukutaka nijibu, ungeacha mlango umefungwa."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Kamati ilijadiliana palepale, tunasikia. Kibanda ni cha fundi viatu. Mkuu wa soko hatagawa vibanda tena, na zamu zitabandikwa getini kila mtu azione. Fundi viatu alivua kofia, akaishika kifuani. Mwenyekiti wa baraza akatazama huku na huku akitafuta kilichovurugika, hakukiona. "Basi, tuendelee hivihivi," akasema, kwa sauti ndogo.

Nilihama Jumamosi. Rula alishika upande mmoja wa meza ya cherehani, fundi viatu akashika wa pili, mimi nyuma na mkasi wangu. Muuza nyanya akatuona.

"Shoga, mbona unarudishwa nyuma? Nani kakuondoa?"

"Binti yangu!" nikamjibu, barabara nzima isikie. "Huyu hapa! Nimemzaa mwenyewe!"

Rula akasimama, meza mkononi. "Mama, iliyoamua ni kamati, si mimi."

Hata hapo ananinyoosha!

"Haya, kamati," nikasema. "Lakini wewe nimekuzaa mimi, na hilo halina kamati. Shika meza, twende."