Mlingoti Awekwa Benchi

Kocha alitaja jina la beki wa kati, na halikuwa la mdogo wake.

Walikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Mdogo mtu, ambaye kwa urefu wake wenzake walimwita Mlingoti, alikuwa akifunga kamba za kiatu. Mikono ikaganda hapo hapo. Mechi iliyopita alizuia kila mpira wa juu, akatoka uwanjani amebebwa mabegani.

"Nimekosa nini, kocha?" Hakumwita dada.

"Hujakosa. Wa leo hawapigi mpira juu. Washambuliaji wao wafupi, wana mbio. Pilipili ndiye wa kukimbizana nao."

"Na mama yuko jukwaani."

"Najua alipo."

Pilipili, ambaye alikuwa hajawahi kuanza mechi kubwa, alivuta soksi zake juu.

Walihitaji sare tu wasonge mbele. Kabla jasho halijawatoka vizuri, Pilipili aliteleza, wageni wakafunga. Jukwaa likaanza kumwita Mlingoti. Mwenyekiti wa klabu akashuka hadi benchi.

"Mwalimu, mtoe huyo binti. Tukitolewa leo, na wewe tafuta pa kwenda."

"Anabaki," kocha alijibu bila kumtazama. Nyuma yake alimsikia mdogo wake akihema.

Taratibu Pilipili akaanza kuwasoma. Kila walipogeuka, alishafika. Kipindi cha pili alipokonya mpira, akamtangulizia winga, na winga akasawazisha.

Ndipo kocha wa wageni naye akabadili mbinu. Akaingiza mshambuliaji wa miraba minne, na mipira ikaanza kumiminwa langoni kutoka juu. Mmoja uligonga mwamba. Pilipili aliruka, akaishia begani kwa yule mshambuliaji.

Kocha aligeuka. "Ingia."

Mlingoti hakuinuka. Walitazamana hadi wageni wakapata kona.

"Namtoa nani?" aliuliza hatimaye, akivua koti. "Pilipili?"

"Mshambuliaji wetu. Wewe chukua za juu, Pilipili za chini."

Kona ilipigwa. Mlingoti alipanda juu ya vichwa vyote, akagongana paji la uso na yule mgeni, mpira ukatoka nje. Muda si mrefu refa akapuliza kipenga cha mwisho.

Wenzao walipoondoka wakiimba, kocha alimkuta mdogo wake peke yake, amejikandamizia barafu usoni.

"Jana tumekula sahani moja," Mlingoti alisema. "Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Kocha mzima?"

"Kocha hakuogopa. Dada yako ndiye aliyeogopa."

Maji ya barafu yalimchuruzika Mlingoti shavuni, asiyafute.

"Bado nina hasira na wewe, dada."

"Najua."

"Wale wa nusu fainali, wanapiga za juu au za chini?"

Kocha alivuta pumzi. "Za chini."

Mlingoti akacheka kidogo, bila furaha, akageuza barafu upande wa pili.

"Haya. Angalau safari hii umesema mapema."