Daraja la Verlin na Ofisi ya Kuipunguza Serikali

Shemeji yangu Verlin Tollefson aliingia katika bunge la jimbo letu, huku Marekani, kwa sababu ya daraja la hatua kumi na tisa. Sheria aliyoipeleka huko niliiandika mimi, kwa hiyo msinichukulie kama shahidi asiye na hatia.

Daraja lenyewe lilikuwa la mbao, juu ya kijito kinachokata shamba lake katikati. Huku nyumba na zizi, ng'ambo malisho na majani makavu ya kulishia ng'ombe wakati wa baridi. Mwaka mmoja theluji iliyeyuka kwa pupa, maji yakalibeba zima zima. Verlin alitaka kujenga jingine wiki ile ile. Mkewe Arlys, mwanamke anayesoma kila barua hadi mstari wa mwisho, akamwambia aulize kwanza. Akauliza. Jibu likaja kutoka ofisi ya serikali ya shirikisho, yaani ya Washington: kijito chake kinaingia mtoni, mto huo unaingia mto mkubwa zaidi, na huo unapita majimbo kadhaa mpaka baharini. Kwa hiyo ni maji ya taifa, na hana ruhusa ya kuchimbia nguzo bila kibali.

"Maji ya taifa!" alinguruma katika ofisi yangu ya uwakili, kofia mkononi. "Shemeji, Agosti kile kijito nakiruka na buti hazilowi!"

Akaomba kibali, akaandika barua juu ya barua, na miezi kumi na minne ikapita bila jibu. Ili afike kwenye malisho anayoyaona dirishani, alizunguka maili ishirini na mbili kwa pikapu, na ishirini na mbili kurudi. Baridi ile ndama watatu walikufa ng'ambo wakati yeye bado yuko barabarani. Nilikuwepo aliporudi. Hakuvua koti, alikaa tu mezani akiangalia glavu zake.

Alipogombea ubunge wa jimbo hakuwa na hotuba. Alisimama kwenye kumbi za makanisa, watu wakila supu nzito ya maharage na mikate ya mdalasini, akawasimulia habari za ndama, kisha akasema, "Nataka serikali ndogo, iliyo karibu, ambayo naijua kwa jina." Akakaa. Alipata kura mbili kwa kila moja ya mpinzani wake.

"Niandikie kitu kifupi," aliniambia. "Washington wasituletee amri mpaka sisi wenyewe tuikague kwanza."

Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Uamuzi wowote wa serikali ya shirikisho kuhusu ardhi au maji hautatumika jimboni mpaka jimbo liuchunguze na kuridhika kwamba hauvuki mipaka ya katiba. Hakuna atakayependelewa, awe mkubwa au mdogo.

"Na atakayechunguza ni nani?" nilimuuliza.

"Watu wawili, watatu. Wenye akili zao."

Mswada ulipopita, wabunge walisimama wakapiga makofi, na mimi kule juu kwenye viti vya wageni nikalia kidogo. Ikazaliwa Ofisi ya Kulinda Mipaka ya Serikali, chumba kimoja, chini ya mkurugenzi anayeitwa Dwight Hascall. Dwight alikuwa mtu mwaminifu, tai yake imenyooka saa zote, na aliiamini sheria yetu kuliko sisi tulioitunga. Tatizo ni kwamba watu watatu hawakuweza kusoma hata maamuzi ya siku moja. Kufikia vuli wakawa kumi na tisa. Mwaka uliofuata wakawa arobaini na mmoja, wakahamia jengo lao wenyewe, maana kazi ya kuipunguza serikali ilikosa nafasi. Verlin aliitwa kukata utepe. Picha yake akiwa na mkasi wameitundika mlangoni.

Wiki iliyofuata simu ikalia nyumbani kwake. Alikuwa Bi Imelda Quiroz, wa ofisi ile ile ya shirikisho.

"Bwana Tollefson, kibali chako kimetoka. Faili lako lilikuwa kwenye meza ya mtu aliyestaafu, hakuna aliyelifungua. Jenga. Na samahani sana kwa wale ndama uliotuandikia habari zao."

Verlin alimjibu asante, akakata simu, akasimama jikoni bila kujua afanye nini na hasira yake. Kisha akapiga simu kuagiza mbao. Ilibidi mimi nimwambie asubiri ofisi yetu ikikague kwanza. Sheria ilisema "uamuzi wowote," na kuruhusu nako ni uamuzi.

Tukaenda pamoja kwa Dwight.

"Dwight, bwana, hiki kibali kinaniruhusu. Hakinizuii kitu."

"Nakuelewa, mheshimiwa. Lakini ukikipokea, umekubali kwamba Washington ina mamlaka ya kukuruhusu. Hilo ndilo tunalolichunguza."

"Basi sikipokei. Najenga hivi hivi."

"Bila kibali? Hilo ni kosa kwa sheria ya shirikisho. Ofisi hii haiwezi kumshauri mbunge avunje sheria."

"Itachukua muda gani?"

"Mbele yako wapo elfu mbili na mia tatu."

"Dwight, mimi ndiye niliyekuleta hapa!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Na ukaandika kwamba hakuna atakayependelewa."

Verlin akageuka kuniangalia.

"Hicho kifungu ni changu," nikasema.

Alipeleka bungeni mswada wa kuirekebisha sheria hiyo, mistari minne tu. Wenzake kwenye kamati walimtazama kama mtu anayeumwa. "Verlin, unataka tukawaambie watu kwamba tumerudi nyuma?" mmoja alimuuliza. Mswada ukaanguka kwa kura kumi na moja dhidi ya mbili. Moja ya hizo mbili, niliambiwa baadaye, ilipigwa kwa makosa.

Jumapili moja tulikuwa tunakula chakula cha mchana kwao. Arlys akaweka uma chini.

"Washtaki."

"Nani?"

"Jimbo. Kwenye mahakama ya shirikisho."

"Mimi? Niende kwa Washington kuomba wanilinde na jimbo langu?"

"Si ulikwenda kwa jimbo kuomba likulinde na Washington? Mbona siku ile hukuona haya?" Akamwongezea viazi. "Unadhani serikali waliziweka mbili ili moja iwe nzuri na nyingine mbaya? Waliziweka mbili ili moja ikikukaba, upate wa kumpigia kelele."

Verlin alisukuma sahani, akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Alirudi masikio yamekuwa mekundu kwa baridi.

"Shemeji," akasema, "utanisimamia?"

Nilikubali, ingawa nilijua nitachekwa.

Mahakamani, wakili wa jimbo alisoma hotuba ya Verlin mwenyewe, neno kwa neno, kuonyesha sheria ilikusudia nini. Jaji, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Tollefson, maneno haya ni ya nani?"

"Yangu, mheshimiwa jaji."

"Bado unayaamini?"

Verlin aliinyooshea kidole ile karatasi mkononi mwa wakili.

"Nayaamini yote," akasema. "Nilikosea kudhani yanamhusu mtu wa mbali tu."

Jaji akanigeukia. "Nasikia sheria hii uliiandika wewe."

"Ndiyo, mheshimiwa. Kwa hiyo najua inapovuja."

Watu wakacheka. Sikucheka.

Hukumu ilitoka baada ya wiki saba: jimbo halina uwezo wa kukizuia kibali cha shirikisho. Jaji aliongeza aya mbili ambazo hakuna aliyemwomba, akiikaripia ofisi ya shirikisho kwa kuliacha lile faili lilale miaka yote ile. Bi Quiroz alimpigia Verlin simu na kumwambia kwamba kwao hizo aya mbili zimewauma kuliko barua zake zote.

Walijenga Septemba, majirani wanane, siku mbili. Siku ya pili Dwight Hascall alitokea amevaa jinzi. Majirani wakaweka nyundo chini. Akasema yuko likizo, akashika ncha ya ubao, na Arlys akamletea glavu.

Ofisi haikufungwa. Jaji aliondoa kifungu kimoja tu, na wameajiri mawakili sita wa kuichambua hukumu. Katika uchaguzi uliofuata, nusu ya wilaya ilimwita Verlin kibaraka wa Washington, na nusu nyingine ilimpigia kura kwa kuwa ameishinda serikali, bila kujali ipi. Alipita kwa kura sitini na tatu.

Siku hizi husoma kila mswada na penseli mkononi, hasa wa upande wetu. Wa kwanza kuonja penseli hiyo nilikuwa mimi. Nilimpelekea rasimu ya kulinda visima vya wilaya, kurasa mbili safi kabisa. Aliirudisha ikiwa na swali moja pembeni: "Na sisi tukikosea, mtu akalie kwa nani?"

Nimeanza kumjibu. Niko ukurasa wa tano, na tayari naona itahitajika ofisi.