Posho ya Uweso

Tangu asubuhi Uweso kakaa kwenye benchi la ofisi ya leba, kunakodaiwa fidia za kazini, na mkono wake keshauonyesha kwa tarishi, kwa karani, na kwa bwana mmoja aliyekuja kuulizia baiskeli yake tu. Vidole viwili vya kulia vilibaki kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge huko shambani, na havirudi hata mkono akaonyeshwe Gavana.

"Nisikilize, mzee wangu," akasema karani Zebedayo, kijana Msambaa mwenye kola iliyopigwa wanga. "Tunachukua mshahara wako wa mwezi. Tunauzidisha kwa miezi iliyowekwa na sheria. Halafu tunatazama daktari kasema umepungua kiasi gani, tunakukatia sehemu hiyo. Wewe umepungua kumi na mbili katika mia."

"Kwa hiyo hiyo themanini na nane inayobaki nzima?"

"Nzima."

"Basi mbona haiwezi kufunga kifungo cha kanzu?"

Zebedayo akashusha pumzi. "Mshahara. Shilingi arobaini na tano. Na posho ya chakula nayo ni mshahara, kama ulikuwa ukipewa. Ikiingia inakuwa sitini. Lakini shamba wamesema wewe unakaa mjini, Makorora, posho huchukui. Ni kweli?"

Robo nzima ya fidia ya Uweso ilikuwa ndani ya swali lile. Haji, jirani yake, alikuwa anamuuzia genge lake la mboga, na bei hataki kushuka hata senti. Bila posho, genge hakuna. Ni kurudi kwenye korona ileile iliyomtafuna.

Kabla hajafungua mdomo, mkewe akadakia. Mwanasiti hakuitwa na mtu. Kaja mwenyewe, kwa kuwa anasema wanaume huibiwa huku wanacheka.

"Posho? Mume wangu ale unga wa kambini wenye fukusi, na mimi ni hai? Alfajiri naamka, nakuna nazi, namfungia wali na samaki! Andika, mwanangu: hajala, hali, na hatakula!"

"Mama, taratibu..."

"Andika!"

Karani akachovya kalamu. Uweso akamtazama mkewe. Mtaa mzima unaujua wali ule. Ndio unaompa Mwanasiti kiti cha mbele kila penye shughuli. Lo, mwanamke huyu! Angenyamaza kidogo tu, mambo yangepita kimyakimya.

"Usiandike," akasema. "Nilikuwa nakula."

Tarishi akaacha kupanga mafaili.

"Siku mojamoja?" Mwanasiti akauliza, sauti imeshuka.

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Kwa maharage."

"Sikuulizi kitoweo!"

"Wali unapoa, Mwanasiti! Mtu unasimama na mkonge kutwa, unataka kitu cha moto kinachokaa tumboni. Bwana karani, mwiteni nyapara Jumbe, ndiye aliyekuwa akinipimia. Aseme mwenyewe."

"Na wali wangu?"

Uweso akatazama dari.

"Wali wangu, baba Idarusi!"

"Anakula Fanueli. Yule Mpare tunayesimama naye."

"Ndio maana!" Mwanasiti akapiga kofi. "Ndio maana yule kijana akiniona sokoni ananiamkia kama nimemzaa! Nami nasema, watu wa milimani wana adabu!"

Zebedayo kauma mdomo asicheke. Akaandika sitini, na pembeni jina la Jumbe, aje athibitishe.

Mwanasiti akainama mezani. "Na wali wa miaka minne, mwanangu, nalipwa na nani?"

"Sheria haina kifungu cha wali wa mke, mama."

"Basi aliyeitunga hajaoa."

Akavuta buibui lake, akatoka. Uweso akatia dole gumba la kushoto karatasini, wino unamchuruzika, akamkimbilia mpaka barabarani.

"Mke wangu! Genge tumelipata!"

"Umelipata wewe," akasema bila kugeuka. "Na chakula cha leo kitafute humohumo."