Mwalimu Ianthe Avaa Kofia ya Mnyang'anyi

Kila mwaka, katika sherehe za mitaani za Kanivali, Hollis Pantin huvaa joho jeusi na kofia pana kama ungo, kisha huifunga njia panda kwa maneno tu. Ndiyo kazi ya Mnyang'anyi wa Kanivali: kutisha watu kwa lugha nzito. Wanyang'anyi wawili wakikutana, hushindana kwa majigambo. Anayekwama, umati humhesabia hadi kumi, naye huvua kofia na kurudi nyumbani kwa kichochoro. Miaka ishirini Hollis hajakijua kichochoro.

Mwaka huu Ianthe Quamina, mwalimu wa darasa la tano, alijitosa. Kazi yake ni kufundisha watoto kutumia maneno na visawe mahali pake. Walimu wenzake walicheka, ati kofia hiyo si ya mwanamke. Akishindwa, ofisini hakutakalika.

"Nani huyu?" Hollis akanguruma. "Nilipozaliwa jua lilizirai! Nitakufadhili kwa upanga!"

Kumfadhili! Vidole vya Ianthe vikaitamani kalamu nyekundu.

"Mimi sikuzaliwa, nilizuka!" Ianthe akajibu. "Simba wananiogopa, wafalme wananihofu, hata mauti hunichelea!"

"Mpe, ticha!" wanafunzi wake wakashangilia. "Mpe vyake!"

Hollis akavuta pumzi. "Nilipokanyaga bahari, mawimbi yalikimbia, papa wakalia, na bahari yenyewe... bahari yenyewe ika..."

Neno likagoma. Madebe yakaanza kugongwa. "Moja! Mbili!"

Ianthe alikuwa ameshashinda, mradi afunge mdomo. Lakini sentensi ilikuwa inaning'inia bila kitenzi, na mzee wa watu anamtazama kama mtoto aliyesimamishwa ubaoni. Huruma ikamshika, na mazoea nayo yakamshika.

"Tisa!"

"Ikanywea, mzee," akanong'ona. "Au ikajikunyata. Chagua."

"IKAJIKUNYATA!"

Umati ukalipuka. "Ticha, umejimaliza mwenyewe!" mwanafunzi mmoja akalia.

Kweli, amejimaliza. Zamu ikawa yake, jigambo halikuja, na umati ukamhesabia hadi kumi. Kwa uchungu akaishika kofia aivue. Hollis akamzuia mkono.

"Acha, mwanangu. Miaka ishirini nanyang'anya watu, hakuna aliyewahi kunipa kitu." Akavua yake, akasogea kando. "Pita."

Ianthe akapita kichwa juu, machozi na kicheko vimemchanganyikia. Nyuma yake, kutoka kichochoroni, sauti nene ikapaa:

"Mwalimu! Na 'ikaufyata', je?"

"Sahihi kabisa!" akajibu.