Wekundu wa Awadhi

Awadhi hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe, na Tabora nzima ilijua kwamba ni mlevi.

Kilichomponza ni biashara yake. Anauza asali karibu na soko kuu, madebe yamepangwa mpaka mlangoni, na nani pale mjini asiyejua kwamba asali ikitiwa maji ikachacha inakuwa pombe ya wanzuki? Sasa mtu mwenyewe mweupe, damu ya Kiarabu ya babu yake haijamtoka. Amekaa zake anampimia mteja, mara uso unamwiva kuanzia shingoni hadi masikioni, jasho linamtiririka, kisha anashika tumbo na kukimbilia msalani. Watu wakasema anajichachushia nyuma ya duka. Lisemwalo lipo, wakaongeza, na sijaona methali iliyowafaa wavivu wa kufikiri kama hiyo.

Awadhi akaapa. Alimwapia Majidi muuza nyama, akawaapia wazee wa msikitini mmoja mmoja, akawaachamia kinywa wamnuse. Haikusaidia kitu. Akaacha kwenda harusini, akaacha kula na watu, maana chakula ndicho kilichoamsha ule wekundu upesi. Mwishowe akahamishia godoro dukani, akawa analala kati ya madebe. Mkewe Hafsa, mama wa Tunu, mtoto wao aliyekwisha kujitegemea, alivumilia, akachoka, akafunga virago akarudi Goweko kwenye nyumba ya marehemu baba yake. Awadhi hakumwacha, wala hakumfuata. Miaka sita ikapita anakula peke yake, ameupa mlango kisogo, na moyoni ana uchungu mmoja tu: hata Hafsa aliwaamini.

Siku moja akaingia dukani daktari kijana, jina lake Gaudensia, kununua asali. Wekundu ukampanda Awadhi palepale. Wengine huangalia pembeni, huyu alimtazama.

"Shikamoo, mzee. Hali hii inakujia mara kwa mara?"

"Marahaba. Mimi sinywi, binti yangu."

"Sijakuuliza habari ya pombe. Nakuuliza tumbo lako likoje."

Akamwandikia barua ya rufaa, ndiyo ikawa safari ya Dar es Salaam. Hospitalini alipokewa na mtaalamu wa mionzi, Wilbroad, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alimweleza kwamba daktari aliyemtuma anashuku uvimbe wa zile chembe zinazotengeneza homoni. Uvimbe wa namna hiyo humwaga homoni zake kwenye damu, uso ukaiva na tumbo likaharisha, nao ni mdogo, picha za kawaida huupita bila kuuona.

"Tutakuchoma dawa yenye mionzi kidogo," alisema. "Inazunguka mwilini, na ikikutana na chembe za aina hiyo inazing'ang'ania. Mashine inaona pale ilipong'ang'ania. Baadaye nguvu yake inaisha yenyewe. Ila leo usikae karibu na wajawazito wala watoto wadogo."

Awadhi nusura acheke. Nani aliyekuwa akikaa karibu naye? Alichomwa, akasubiri, akalazwa kwenye kitanda chembamba kilichomwingiza taratibu ndani ya mashine, na humo ndani aliomba dua ambayo wagonjwa wengi hawaiombi. Aliomba kionekane kitu.

Kilionekana. Daktari wa pale alimgeuzia kioo cha kompyuta akamwonyesha doa jeusi kwenye utumbo na mengine mawili kwenye ini. "Mzee, hiki ndicho kinachokuivisha uso."

"Si pombe?"

"Pombe? Hapana. Ni uvimbe."

"Alhamdulillahi!" alisema Awadhi kwa sauti, hata muuguzi akachungulia mlangoni. Daktari akaendelea kueleza, akaeleza sana, na Awadhi akaitikia kwa kichwa kila neno huku akili yake ikiwa imeshafika sokoni Tabora. Alichoomba ni nakala ya ile picha tu.

Kwenye treni aliipakata safari nzima. Alipanga aanze na Majidi, kisha wazee. Lakini walipoipita stesheni ya Tura aliona wazi kwamba hao wote hawamkeri tena, na kwamba kuna mtu mmoja tu aliyetaka aione. Akashuka Goweko.

Alimkuta Hafsa barazani anamenya karanga. Alikuwa amekonda. Hakusimama, ila alisogeza ungo ampishe mahali.

"Karibu, Baba Tunu."

"Sikai, Mama Tunu. Tazama." Akaiinua picha juani, akaeleza yote, dawa, mashine, madoa. "Umeona? Sikuwa nakunywa."

Hafsa aliitazama kwa muda. "Mimi nilijua hunywi."

"Ulijua?"

"Nguo zako alikuwa anafua nani? Mto tulilalia mmoja. Mlevi atajificha kwa wote, kwa mkewe atajificha wapi?"

"Basi mbona uliondoka?"

"Ulimwapia Majidi, ukawaapia wazee. Mimi hukuniuliza hata siku moja kama ninakuamini. Nilikuambia twende hospitali, ukasema ninakusingizia. Nilileta chakula dukani ukakipokelea mlangoni kama cha jirani. Uliniweka kwenye kundi lao, Baba Tunu, halafu ukanifungia nje." Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Na kupona je? Wamesemaje?"

Awadhi alitafuta kichwani maneno yote aliyoyaitikia mbele ya daktari na hakuyapata, ila moja la mwishoni.

"Walisema matibabu yana hatua zake. Nirudi na mtu wangu, asikilize pamoja nami."

Alilisema polepole, akangoja. Hakuwahi kumhitaji mtu kama alivyomhitaji yule mwanamke saa ile, na hakulificha hilo usoni.

Hafsa alijifuta kwa ncha ya khanga. Akaichukua picha mkononi mwake, akaipangusa vumbi, akaitia vizuri ndani ya bahasha na kumrudishia.

"Mpigie Tunu," alisema. "Mwanao ana moyo mwema, atakupeleka."

Kisha akauvuta ungo, akaendelea kumenya karanga.