Kikao cha Wazee wa Vinanda

Sina subira na watu wazima wanaonuniana. Mzee Ivan, mmoja wa wazee ninaolipwa kuwahudumia majumbani mwao, aliponiambia, huku nikimfunga bandeji ya goti, kwamba hajasema na mwenzake Davinder tangu 1982, nilitamani kumfunga ile iliyobaki mdomoni.

Walikuwa na bendi, wao wawili, vinanda vya umeme na mashine ya kupiga ngoma. Muziki huo, alinieleza, unaimbwa ukiwa umesimama wima, uso mkavu, kama mtu anayesubiri majibu ya eksirei. Siku ya shoo yao kubwa Davinder akatabasamu. Mbele ya watu. Bendi ikavunjika hata hawajashuka jukwaani. Ivan akabaki mtaani Moseley na kinanda, Davinder akarudi mtaa wa kwao, Handsworth, na mashine.

Sitasema nilisukumwa na upendo mtupu kuwapatanisha. Mimi na Cleopas, mpiga kinanda wa kanisani kwetu, tulikuwa na bendi yetu changa, nyimbo nne za huzuni, na baa moja ya Moseley ilikuwa imetupa Jumamosi. Kinanda Ivan alishatuazima. Tulikosa ngoma.

Kwetu watu wakikosana huitiwa kikao. Basi nikakiitisha sebuleni kwa Ivan: chai ya maziwa, mandazi, maombi ya kufungua, mwenyekiti mimi. Davinder alikuja amekumbatia mashine kana kwamba tungempokonya, na malalamiko kurasa mbili. Nikampa nafasi ya kwanza kwa kuwa ndiye mgeni.

Alipoanza tu kusoma, Cleopas naye, aliyekuwa ameketi kwenye kinanda cha Ivan, akaanza kupiga, taratibu, chini ya maneno yake. Miaka kumi na mitano kanisani imemharibu: mtu akisimama kuomba au kushuhudia, vidole vinaanza vyenyewe. Nikamkazia macho. Yake alikuwa ameyafumba.

Jaribu wewe kumtukana mtu huku muziki wa namna hiyo ukipigwa. Kufikia ukurasa wa pili sauti ya Davinder ilikuwa imelegea. Akaziweka karatasi chini, akasema siku ile alimwona mama yake ukumbini, mama aliyekuwa ameapa kwamba hatakanyaga pale. Angefanyaje asitabasamu?

Ivan akalia. Mwenyekiti pia alilia. Kisha Ivan akapangusa pua, akamwomba Cleopas arudie pale pale, polepole zaidi, na Davinder akawasha mashine. Nikamimina vikombe vinne vya chai. Nilikunywa peke yangu.

Alhamisi Cleopas akanipigia simu.

“Dada Gertrude, please usikasirike. Hawa wazee wameni-ask niwe na wao. Na ile Jumamosi, wanasema watai-take wao, juu vyombo ni vyao. Lakini wewe utatu-introduce.”

“Nitawa-introduce kina nani?”

“Sisi.”

Nilimwambia Mungu ambariki, nikakata. Halafu nikakaa kwenye ngazi na viatu vya kazi bado mguuni. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Siku nzima mimi huwainua watu, huwaosha, huwalisha. Jumanne jioni tu, kwenye mazoezi na Cleopas, ndipo mtu aliponisubiri mimi nianze kuimba.

Jumamosi saa tisa mchana simu ikalia tena. Wazee walikuwa wamekosana, safari hii kwa sababu ya ubao wa pale nje ya baa: jina la nani litangulie. Davinder alikuwa amejifungia chooni na mashine. Ivan alikuwa akipiga mlango kwa mkongojo. Cleopas aliniomba nije haraka niitishe kikao kingine.

Nilifurahi. Nilifurahi vibaya, Mungu anisamehe, nikavaa gauni jekundu na koti juu yake.

Nilipofika, wazee wote wawili waligeuka kunitazama, Davinder akichungulia mlangoni pa choo, kila mmoja tayari na kesi yake. Nikawapita.

“Cleopas,” nikasema, “kanisani kuna kinanda. Twende tukakilete, Jumamosi ni yetu. Beba upande mmoja.”