Kanyagio la Kati

Gitaa la Bi Nyuzi halikuwa la kupakatwa. Lilisimama kwa miguu minne kama meza, na yeye alikaa nyuma yake kama mtu aliye kwenye cherehani. Mkono wa kulia ulidonoa nyuzi, wa kushoto ulitelezesha kipande cha chuma juu yake, na miguu ilikanyaga makanyagio matatu yaliyoning'inia chini. Kila kanyagio lilivuta uzi wake na kupandisha sauti, ndiyo maana gitaa lile liliweza kulia, kunung'unika na kubembeleza kama binadamu.

Alilirithi kwa mjomba wake, akarithi na visirani vyake. Joto likizidi, nyuzi zililegea. Na kanyagio la kati lilikuwa vivu: hata ulikanyage vipi, sauti ilibaki chini kidogo ya pale ilipotakiwa, kama mgeni anayesita mlangoni. Bi Nyuzi, ambaye mchana alikuwa msusi, alijifunza kuusogeza mkono wa kushoto mbele, unywele mmoja tu, kuziba pengo hilo. Mazoea yana tabu. Ikafika mahali mkono haungoji tena kuambiwa.

Basi wiki ile ukumbi mpya wa mji ulikuwa unafunguliwa, na bendi yao ndiyo iliyoalikwa. Mwimbaji wao, aliyeitwa Kengele kwa jinsi alivyojaliwa koo, hakumficha kitu.

"Dada, nakuheshimu. Lakini hilo kabati lako likizingua mbele za watu, sehemu zako zote nampa mpiga kinanda."

Maneno hayo yalimfikia shemeji yake Bi Nyuzi, mdogo wa mumewe, fundi baiskeli asiyeweza kuona skrubu imelegea akapita. Siku ya onyesho, Bi Nyuzi akiwa saluni, alilipindua gitaa sebuleni, akalifungua tumbo lote, akasafisha, akakaza, akatia mafuta.

"Shemeji, njoo ukae!" alimpokea mlangoni huku akijifuta mikono. "Nimelitia adabu."

Bi Nyuzi akakaa, akakanyaga. Kanyagio la kati likashuka laini kama siagi, na uzi ukafika pale pale. Lakini mkono nao, kwa mazoea, ulikwisha kusogea. Sauti ikapitiliza, ikatoka chungu kama shubiri.

"Umefanya nini?"

"Nimelitengeneza."

"Umelitengeneza gitaa, ukaniharibia mkono!"

Shemeji akanywea. "Basi nilirudishe lilivyokuwa?"

Bi Nyuzi akamtazama mwanamume mzima aliyekaribia kulia, hasira zikamwisha. "Acha. Ugonjwa ukipona hauombwi urudi."

Alifanya mazoezi mpaka jioni. Mkono ukawa mbishi kuliko punda. Mumewe, aliyekuwa anamhurumia, akamnong'oneza, "Si useme tu unaumwa?"

"Niumwe nini? Woga?" Akajifunga kanga kiunoni. "Nibebeeni gitaa twende."

Ukumbi ulifurika. Nyimbo mbili za kwanza alizipiga kwa kuibia, akilikwepa kanyagio la kati kama dimbwi njiani. Kengele akamtupia jicho la pembeni. Wa tatu ulikuwa wimbo wa taratibu, wa mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda mbali, na katikati yake gitaa lilipaswa kusema peke yake. Hapo hapakuwa na pa kukwepea.

Akakanyaga. Mkono ukaponyoka, sauti ikapita juu ya mahali pake. Pembeni alimwona mpiga kinanda akiinua mikono, tayari kumwokoa.

Hakuinua chuma. Hakukimbilia kurudi pia. Alikirudisha polepole, kwa kubembeleza, na sauti ikashuka nayo, ikitetemeka, kama mtu aliyejikaza asilie mpaka akashindwa. Mwanamke wa safu ya mbele akajishika kifua.

Bi Nyuzi mwenyewe hakuwahi kuisikia sauti ile. *Kumbe unaweza hivi?* Akarudia, safari hii kwa kusudi. Akapanda juu zaidi, akakaa huko mpaka watu wakashindwa kupumua, kisha akateremka. Mkono ule mbishi sasa ulikuwa unaongoza, naye akaufuata. Mpiga kinanda akateremsha mikono yake mapajani. Kengele, aliyepaswa kuingia na ubeti, alisahau kuingia.

Alipomaliza, watu walisimama. Walipiga makofi, walipiga vigelegele, na sauti moja ikawashinda wote kutoka nyuma:

"Mnamwona huyo? Huyo ni shemeji yangu!"

Kengele akasogea, jasho likimtiririka, akainama sikioni mwake.

"Dada, ile ulijifunza wapi?"

"Leo, hapa hapa."

Mwimbaji akacheka, akatikisa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu bendi iundwe: alikibeba kipaza sauti, akakisimamisha mbele ya gitaa, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Wimbo unaofuata anza wewe," alisema. "Mimi nitakufuata."

Bi Nyuzi akavuta pumzi, akaweka mguu wake juu ya kanyagio la kati, akaanza.